Tendai Mtawarira na kazi ya propu wa raga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wapenzi wengi wa michezo katika Afrika Mashariki huifahamu raga kupitia wakimbiaji, hasa wale wa mchezo wa wachezaji saba kila upande. Ukurasa huu unamhusu mtu wa aina nyingine kabisa: mchezaji wa mbele aliyevaa jezi namba 1 kwa zaidi ya miaka kumi, na ambaye kazi yake kubwa ilifanyika mahali ambapo kamera huona migongo tu. Maswali haya ndiyo huulizwa zaidi na wasomaji wanaolijua jina lake lakini hawajaelewa hasa alikuwa akifanya nini uwanjani.

Tendai Mtawarira ni nani?

Alizaliwa Harare, Zimbabwe, tarehe 1 Agosti 1985. Aliichezea Sharks ya Durban na timu ya taifa ya Afrika Kusini, Springboks, ambayo aliitumikia kuanzia Juni 2008 hadi fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2019. Katika muda huo alicheza mechi 117 za kimataifa, na siku alipostaafu ni Victor Matfield na Bryan Habana pekee waliokuwa wameichezea Springboks mara nyingi zaidi yake. Jina la utani la Beast, yaani mnyama mkali, alilipata akiwa bado shule ya msingi kwa sababu ya ukubwa wa mwili wake, na baadaye viwanja vizima vililivuta jina hilo kwa sauti ndefu kila aliposhika mpira. Wageni waliofika uwanjani kwa mara ya kwanza walidhani anazomewa.

Propu hufanya kazi gani?

Timu ya raga ya muungano (rugby union), aina ya raga aliyoicheza Mtawarira, ina wachezaji 15. Wanane kati yao, wenye namba 1 hadi 8, ni wachezaji wa mbele, na saba waliobaki ni wachezaji wa nyuma. Wanane hao ndio wanaoingia katika skramu, ambapo hufungamana kwa mikono katika safu tatu, huinama, kisha husukumana na wanane wa upande wa pili huku mpira ukiingizwa kati yao. Mstari wa mbele kabisa una watu watatu: propu wawili, na katikati yao huka, ambaye kazi yake ni kuuvuta mpira nyuma kwa mguu. Uzito wote wa wenzao walio nyuma hupita katika mabega, shingo na migongo ya hao watatu. Kwa timu kubwa za kimataifa, uzito wa wachezaji wanane wa upande mmoja hukaribia kilo 900, na upande wa pili nao unasukuma kwa uzito kama huo.

Namba 1 na namba 3 hazifanyi kazi moja, ingawa mtazamaji huziona kama pacha. Namba 3, propu wa kulia, huingiza kichwa chake katikati ya wapinzani wawili, kwa hiyo mabega yake yote mawili yanabeba mzigo, na jukumu lake la kwanza ni kutosogea. Namba 1, propu wa kushoto, huwa na bega la kushoto lililo huru, na uhuru huo mdogo ndio silaha yake. Akiweza kuingia chini kidogo ya kifua cha namba 3 wa upande wa pili, akaunyoosha mgongo wake na kusukuma kwenda mbele na juu, mpinzani huyo atainuka, atapinda kiuno, au ataanguka. Katika kila hali kati ya hizo mwamuzi huwa na sababu ya kupuliza filimbi, na penalti inayotokana na skramu huweza kuwa pointi tatu kwa mkwaju, au mita 40 za uwanja kwa kuutoa mpira nje huku timu yako ikibaki na haki ya kuurusha tena ndani.

Hii ndiyo sababu nasema kwamba propu hapimwi kwa trai, yaani pointi za kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani. Katika mechi zote 117, trai za Mtawarira zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na hakuna kocha aliyewahi kumchukulia kuwa amepungukiwa kwa hilo.

Je, alianza akiwa propu?

La. Alipokuwa mwanafunzi katika shule ya Churchill mjini Harare, na baadaye Peterhouse karibu na Marondera, alikuwa mchezaji wa safu ya nyuma ya skramu, hasa namba 8, nafasi inayompa mtu nafasi ya kukimbia na mpira na kuonekana. Alipofika Durban kujiunga na akademia ya Sharks, kocha Dick Muir alimweleza kwamba kwa umbo lake mustakabali wake ulikuwa mstari wa mbele.

Uamuzi huo ni mzito kuliko unavyosikika. Namba 8 anayehamia katika upropu anaacha sehemu kubwa ya alichojifunza tangu utotoni na kuanza ufundi mpya akiwa na miaka zaidi ya ishirini, mbele ya watu walioanza kuusomea wakiwa na miaka kumi na mitatu. Ni lazima shingo iimarishwe, nyonga zijifunze kukaa chini bila mgongo kupinda, na miguu ijifunze hatua za sentimita chache badala ya mita nyingi. Makosa ya propu mchanga huonekana na kila mtu, kwa kuwa skramu ikianguka upande wake penalti hutolewa dhidi yake, na mpinzani mwenye umri wa miaka 33 anajua njia nyingi za kumfanya aonekane mkosaji hata pale ambapo hakukosa. Kwamba Mtawarira aliweza kutoka katika mafunzo hayo hadi timu ya taifa akiwa bado na miaka 22, dhidi ya Wales mjini Pretoria, ni jambo la kipekee. Kwa kawaida mapropu hukomaa wakiwa wamevuka miaka 26 au 27.

Kwa nini mtu wa Zimbabwe aliruhusiwa kuichezea Afrika Kusini?

Kanuni za raga ya kimataifa za wakati ule zilimruhusu mchezaji kuiwakilisha nchi aliyokuwa ameishi kwa miezi 36 mfululizo, hata kama hakuwa raia wake. Tangu mwisho wa mwaka 2021 muda huo umeongezwa na kuwa miezi 60. Kwa hiyo, kwa upande wa mchezo, Mtawarira alikuwa halali kabisa mwaka 2008. Tatizo lilitoka upande wa siasa, kwani mwaka 2010 ulizuka mjadala nchini Afrika Kusini kuhusu mtu asiye raia kuivaa jezi ya taifa, na kwa muda fulani hatima yake haikujulikana, hadi alipopewa uraia mwaka huohuo.

Hakuwa Mzimbabwe wa kwanza kupita njia hiyo. Gary Teichmann na Bobby Skinstad, ambao wote walikuwa manahodha wa Springboks, walizaliwa Zimbabwe wakati ikiitwa Rhodesia, na uhalali wao haukuhojiwa kwa ukali wa namna hiyo. Naona ni haki kulisema hilo waziwazi.

Kwa nini mechi ya Durban ya mwaka 2009 hutajwa kila mara?

British and Irish Lions, timu inayounganisha wachezaji bora wa Uingereza, Wales, Scotland na Ireland, huzuru Afrika Kusini mara moja katika kila miaka 12. Katika mechi ya kwanza ya ziara hiyo, tarehe 20 Juni 2009, mbele ya watu wa nyumbani kwake Durban, Mtawarira alikabiliana na Phil Vickery, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka 2003 na aliyekuwa nahodha wa nchi yake katika fainali ya mwaka 2007. Kijana aliyekuwa amemaliza mwaka mmoja tu katika timu ya taifa alimwinua mkongwe huyo skramu baada ya skramu. Penalti zikafuatana, Afrika Kusini ikajenga uongozi, na mapema katika kipindi cha pili kocha wa Lions akalazimika kumtoa Vickery na kumwingiza Adam Jones. Springboks walishinda 26 kwa 21, na baadaye wakashinda mfululizo mzima kwa mechi mbili dhidi ya moja.

Kuna mambo mawili ambayo simulizi nyingi huyaacha. La kwanza ni kwamba Mtawarira hakuwa peke yake. Huka Bismarck du Plessis na nahodha John Smit, aliyekuwa amehamishiwa namba 3 ili Du Plessis apate nafasi katikati, walikuwa wenzake wa Sharks, na mstari wa mbele unaofanya mazoezi pamoja kila wiki hufungamana kwa namna ambayo timu ya mseto iliyokusanyika majuma machache yaliyopita haiwezi kuiiga. La pili ni kwamba Jones, alipoingia, aliituliza skramu ya Lions. Propu wawili wenye nguvu sawa wanaweza kupata matokeo tofauti kabisa dhidi ya mtu yuleyule, kwa sababu urefu wa mwili, pembe ya kuingilia na mahali mkono unaposhika jezi hubadilisha kila kitu.

Je, yeye mwenyewe hakuwahi kushindwa?

Alishindwa, kama kila propu. Katika mechi ya tatu ya ziara hiyohiyo, Vickery alirudi kikosini kwa sababu Jones alikuwa ameteguka bega, na Lions walishinda 28 kwa 9, huku skramu yao ikisimama imara. Mtawarira alikuwepo pia katika miaka migumu ya timu ya taifa: Kombe la Dunia la mwaka 2011 liliishia robo fainali kwa kufungwa na Australia 11 kwa 9, na lile la mwaka 2015 lilianza kwa kipigo cha Japani cha 34 kwa 32 na kuishia nafasi ya tatu. Akiwa na Sharks alinyanyua Currie Cup, kombe la ndani la Afrika Kusini, lakini taji la Super Rugby, ligi iliyozikutanisha timu za Afrika Kusini na zile za New Zealand na Australia, hakulipata. Katika fainali ya mwaka 2012 Sharks walisafiri hadi New Zealand wakafungwa na Chiefs 37 kwa 6.

Ni kweli kwamba alikuwa na tatizo la moyo?

Ni kweli. Zaidi ya mara moja moyo wake ulianza kwenda mbio bila mpangilio, akalazwa hospitali na kufanyiwa matibabu, na mwaka 2012 tatizo hilo lilimkosesha baadhi ya mechi za taifa. Wapo waliodhani kazi yake imekwisha. Alirudi baada ya madaktari kumruhusu, akacheza miaka saba mingine, na tarehe 16 Juni 2018 akatimiza mechi yake ya 100 dhidi ya Uingereza mjini Bloemfontein, ambapo Afrika Kusini iliyokuwa nyuma kwa pointi 12 iligeuka na kushinda 23 kwa 12. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kufikisha idadi hiyo akiwa Springbok.

Maisha ya propu wa kulipwa yakoje kwa mwaka mzima?

Raga ya muungano ilikuwa mchezo wa ridhaa hadi Agosti 1995, wakati baraza la kimataifa lilipokubali wachezaji walipwe. Kwa hiyo Mtawarira ni wa kizazi cha kwanza kilichoanza ukubwani kikijua kwamba raga ni ajira. Enzi zake, mwaka wa Springbok ulianza na Super Rugby mwezi Februari, ukaingia mechi za kimataifa mwezi Juni, ukaendelea na michuano dhidi ya New Zealand, Australia na Argentina kati ya Agosti na Oktoba, kisha ukamalizikia Ulaya mwezi Novemba. Wengi wa wenzake walikatisha ratiba hiyo kwa kwenda kucheza Ufaransa, Uingereza au Japani, ambako malipo ni makubwa kuliko yale ya randi. Yeye alibaki Sharks, na nchini Afrika Kusini hakuichezea klabu nyingine.

Ndani ya wiki, propu hutumia muda mwingi katika mambo ambayo si mchezo. Hubeba vyuma, hutazama video za propu anayekuja ili kujua anaingia kwa pembe gani, na hushindana na mashine ya skramu, ambayo ni fremu nzito ya chuma yenye mito. Skramu za watu dhidi ya watu hufanyika pia mazoezini, lakini kwa kipimo, kwa kuwa shingo haina akiba isiyo na mwisho.

Kanuni za mchezo nazo zimeibadilisha kazi hii. Tangu mwaka 2013 mapropu hufungamana kwanza na wapinzani wao kabla ya kusukuma, badala ya kugongana kwa kasi kama zamani, jambo lililopunguza nguvu ya mgongano na kumfaidi zaidi mwenye ufundi wa kushika na kuvumilia. Vilevile kila timu huwa na wachezaji wanane wa akiba, na watatu kati yao ni lazima wawe wamefunzwa kucheza mstari wa mbele. Matokeo yake ni kwamba propu wa leo mara chache hucheza dakika zote 80. Anatakiwa kujimaliza katika dakika 45 au 50, kisha mwenzake ampokee.

Alifanya nini katika fainali ya mwaka 2019?

Alikuwa na miaka 34, na kocha Rassie Erasmus alikuwa amepanga benchi lenye wachezaji wa mbele sita na wa nyuma wawili tu, ili wachezaji wengi wa mbele waweze kubadilishwa. Mjini Yokohama, tarehe 2 Novemba 2019, Uingereza ilimpoteza namba 3 wake, Kyle Sinckler, katika dakika za mwanzo kabisa baada ya kugongwa kichwani. Dan Cole akaingia akijua kwamba huenda atacheza karibu mechi nzima. Mtawarira alimkabili kama alivyomkabili Vickery miaka kumi kabla: aliingia chini, akanyoosha mgongo, akaendelea kusukuma hata pale skramu ilipoonekana imesimama. Penalti za skramu zilimpa Handré Pollard nafasi ya kupiga mikwaju, na Pollard alimaliza siku akiwa na pointi 22. Mapema kipindi cha pili Mtawarira alitoka, Steven Kitshoff akaingia, na skramu ikaendelea kusonga mbele.

Trai za Makazole Mapimpi na Cheslin Kolbe zilikuja baadaye na ndizo zinazooneshwa kila mwaka. Afrika Kusini ilishinda 32 kwa 12. Kwa maoni yangu mechi ilikuwa imeamuliwa kabla ya trai hizo, kwa kuwa Uingereza haikuwa na mahali salama pa kuanzia mashambulizi yake, na kila mpira uliowaponyoka wachezaji wake na kuanguka mbele ulileta skramu nyingine waliyoiogopa. Siku chache baadaye Mtawarira alitangaza kustaafu raga ya kimataifa.

Hatari za kazi hii ni zipi?

Shingo na uti wa mgongo ndizo sehemu zinazowatia hofu mapropu kuliko zote, na skramu inayoanguka ndiyo wakati wa hatari kubwa zaidi. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni hofu imehamia kwenye ubongo. Steve Thompson, huka wa Uingereza aliyeshinda Kombe la Dunia mwaka 2003, alieleza mwaka 2020, akiwa na miaka 42, kwamba amegunduliwa kuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na kwamba haikumbuki fainali aliyoshinda. Baada yake wamejitokeza wachezaji wengine wengi wa zamani wanaodai mamlaka za mchezo hazikuwalinda. Leo mchezaji anayeshukiwa kugongwa kichwani hutolewa na kupimwa na daktari, na katika ngazi za juu wachezaji huvaa kinga za meno zenye vihisi vinavyopima mgongano. Mzazi anayemruhusu mtoto wake acheze mstari wa mbele ana haki ya kuuliza shule ina kocha gani wa skramu, na kumwondoa mtoto ikiwa hakuna.

Baada ya Springboks alikwenda wapi?

Mwaka 2020 alijiunga na Old Glory DC ya Washington katika ligi ya kulipwa ya Marekani, lakini msimu ulikatishwa na janga la korona, na mwaka huohuo aliaga mchezo kabisa. Tangu hapo ameweka nguvu katika taasisi yake, The Beast Foundation, inayowasaidia vijana kupitia michezo na elimu.

Kijana wa Afrika Mashariki anaweza kuifuata njia hii?

Kikwazo kikubwa si miili, kwa kuwa watu wenye miili mikubwa tunao. Kenya imekuwa na sifa katika raga ya wachezaji saba, hadi ikashinda mashindano ya Singapore mwaka 2016, lakini katika mchezo huo skramu ina watatu kila upande na humalizika kwa sekunde chache, hivyo haimfundishi mtu upropu. Simbas, timu ya Kenya ya wachezaji 15, ilifika hatua ya mwisho ya kuwania Kombe la Dunia mara mbili mfululizo, Marseille mwaka 2018 na Dubai mwaka 2022, na mara zote mbili ikapoteza mechi zake zote tatu. Timu inayotegemea kasi ya wachezaji wa nyuma inahitaji kwanza mpira, na mpira hupatikana mbele.

Zimbabwe, nchi iliyomzaa Mtawarira, ilifuzu Kombe la Dunia la mwaka 2027 kwa kuifunga Namibia 30 kwa 28 mjini Kampala mwezi Julai 2025, baada ya kukosekana tangu mwaka 1991. Imefika hapo ikiwa na shule ambazo kwa miongo mingi zimewafundisha wavulana skramu tangu wakiwa wadogo. Kwa hiyo kijana mwenye kilo 100 na zaidi anayetaka kujaribu atafute kwanza klabu yenye mtu aliyewahi kucheza namba 1 au 3 na aliye tayari kumfundisha, hata kama klabu hiyo si maarufu, naye akubali miaka miwili au mitatu ya kushindwa na watu wenye nguvu ndogo kuliko yeye.

Nitazame mechi gani ili nimwelewe, na nitazame nini?

Tazama kipindi cha kwanza cha Durban 2009 na kipindi cha kwanza cha Yokohama 2019. Skramu inapofungwa, usiufuate mpira. Angalia nyonga za namba 3 anayekabiliana naye: zikiwa sawa na mabega, anahimili, zikianza kwenda pembeni au miguu yake ikianza kurudi nyuma, kazi ya namba 1 imefanikiwa, na filimbi itafuata muda si mrefu.